Foku Ikigoma, Ifungue, Usiichomelee

Kipindi cha kazi za mikono. Maneno ya mtangazaji, kwa kusikilizwa redioni na kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji.

(Muziki wa kufungulia. Kengele ya baiskeli mara mbili. Muziki unashuka.)

  

Leo tunazungumza juu ya baiskeli. Wengine wetu tunaiita kinga, wengine velo. Jina si kitu, kazi ni ile ile: jerikeni la maji, gunia la mihogo, mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya, mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba. Lakini leo sizungumzii ile baiskeli nyeusi ndefu kama Roadmaster au Hero. Nazungumzia baiskeli ya milima, ile ya mitumba yenye tairi pana na foku inayobonyea. Foku ni ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Ikiwa inabonyea na kurudi, mafundi wetu husema ina shoku.

Nataka ufanye jambo moja kabla hatujaendelea. Kama baiskeli iko karibu, simama mbele yake. Kaza breki ya mbele, kisha uegemee mpini kwa uzito wako wote, halafu uachie. Tazama inafanya nini.

Ikishuka polepole na kurudi juu, foku yako ni hai. Ikishuka na kugonga, ko!, au ikishuka na kubaki huko chini, ni mgonjwa. Isiposogea kabisa, imekwama. Ukipata jibu la pili au la tatu, kaa nasi hadi mwisho, maana kipindi hiki ni chako.

(Muziki mfupi.)

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na baiskeli ya namna hiyo. Kila siku ya soko nilitoka Lobule kwenda Koboko mjini na kurudi na mzigo. Foku ikaanza kushuka na kubaki chini. Kila shimo barabarani lilinipiga viganjani. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, nikamwambia, "Fundi, ifunge kabisa isicheze tena." Akaichomelea pale mrija wa ndani unapoingia katika mguu wa nje, kulia na kushoto. Nikalipa shilingi 5,000 nikaondoka nikifurahi. Simlaumu. Mimi ndiye niliyeagiza, tena kwa haraka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikiteremka kuelekea kijito, mdogo wangu wa kike amekaa nyuma, ameshika mfuko wa unga. Nikashika breki. Mguu wa kushoto wa foku ukakatika. Haukukatika kwenye mshono wa fundi. Ulikatika kando yake, upana wa kidole kutoka mshono. Mimi nilichubuka tu. Mdogo wangu alivunjika mkono. Umeunga, lakini hadi leo haunyooki sawasawa. Akibeba jerikeni, hubeba kwa mkono mmoja.

Niliichukua ile foku iliyovunjika hadi Arua, kwa mzee mmoja mtengenezaji wa baiskeli. Nilitaka kuuza chuma. Yeye hakuzungumza bei. Alichukua msumeno, akakata, akatoa vilivyokuwa ndani na kuviweka juu ya gazeti. Springi mbili, nzima. Washa, nzima. Na uchafu wa kahawia unaonata kama ulimbo wa mti.

Akaniuliza, "Mwanangu, unaona ugonjwa uko wapi?"

Ugonjwa ulikuwa ule ulimbo. Zamani ulikuwa vipande vya raba, kila kimoja kifupi kama kidole gumba. Vilikuwa vimeoza. Kazi yote iliyotakiwa ilikuwa kufungua, kusafisha na kuweka vingine. Kazi ya asubuhi moja, bila moto wowote. Ndiyo sababu leo nasema, na nitarudia hadi mchoke: foku ikigoma, ifungue, usiichomelee.

(Muziki mfupi.)

Sasa, foku hizi zilitoka wapi, na kwa nini zinaoza ndani?

Mwaka 1989 huko Marekani, Paul Turner na Steve Simons walianzisha kampuni ya RockShox. Walichukua wazo la pikipiki na kulitia katika baiskeli ya milima: mrija unaoingia ndani ya mrija, na kitu cha kusukuma kati yao. Mwaka 1990, katika mashindano ya dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka mlima akitumia foku yao. Foku hiyo ilitumia hewa na mafuta. Mwingine, Doug Bradbury wa foku za Manitou, alitumia njia rahisi zaidi: vipande vya raba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Baadaye makampuni mengi yakafuata, wengine kwa raba, wengine kwa springi, wengine kwa vyote viwili.

Ona basi mambo mawili. La kwanza, vitu hivi vilibuniwa kwa mtu mmoja anayeshindana mlimani. Havikubuniwa kwa mtu mwenye abiria na gunia. Unaweza kuvitumia, lakini vinahitaji kuangaliwa zaidi. La pili, raba ile ni poliurethani, na poliurethani huoza kwa umri na kwa unyevu hata kama baiskeli imelala tu ghalani. Kwa hiyo baiskeli iliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita inaweza kung'aa nje na kuwa imekufa ndani. Muuzaji akikwambia "haijatumika sana," hajajibu swali lako.

(Muziki mfupi.)

Twende kazini. Nitataja hatua moja moja. Mwenye kalamu aandike.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kufungua.

Toa gurudumu la mbele. Futa foku kwa kitambaa chenye maji hadi uone rangi. Tafuta ufa sehemu tatu: pale shina linaloingia kwenye fremu linapokutana na taji la foku, pale mirija ya ndani inapoingia kwenye taji, na pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Pitisha ukucha. Ufa utaushika ukucha hata kama jicho haliuoni. Kisha tazama kutoka ubavuni: miguu yote miwili iwe sambamba, isiwe imerudi nyuma. Ukipata ufa, au mguu umepinda, simama hapo. Foku hiyo imemaliza safari. Tutaona baadaye uweke nini mahali pake.

Hatua ya pili: jua chuma chako.

Chukua sumaku. Huna? Ipo ndani ya spika ya redio iliyokufa. Ndiyo, hata redio iliyonyamaza ina kazi. Igusishe kwenye miguu ya nje ya foku. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu au magneziamu, na foku nyingi nzuri za zamani zina miguu ya magneziamu. Hapa sikiliza vizuri, hasa wewe fundi mwenye mashine ya kusaga: unga wa magneziamu hushika moto mkali, na maji hayauzimi, huuongeza. Kwa hiyo mguu usionata sumaku usisagwe wala usichomelewe.

Na ule unaonata? Huo nao uache. Mrija wa ndani ni mwembamba. Moto huudhoofisha kando ya mshono, na hapo ndipo unapokatika. Nimeshawaambia uliokatika wangu ulikatikia wapi.

Hatua ya tatu: tafuta kinachocheza.

Rudisha gurudumu, kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia tok-tok, weka vidole pale shina linapoingia kwenye fremu. Ikiwa mchezo unausikia hapo, tatizo ni beringi za shina, si foku. Kaza au badilisha beringi. Kisha weka vidole pale mrija wa ndani unapoingia katika mguu wa nje. Ikiwa mchezo uko hapo, bushi za ndani zimelika. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukiuona kwa macho, upana wa milimita 1 au zaidi, tafuta bushi za foku ya aina ile ile au uistaafishe. Watu wengi wamelipa kubadilisha foku kumbe beringi ndizo zilizolegea. Kipimo hiki cha vidole hakina gharama.

Hatua ya nne: fungua.

Tazama juu ya kila mguu. Ukiona kidude kama cha kujazia upepo wa tairi, foku ni ya hewa. Toa hewa yote kwanza. Ikiwa kuna kifuniko au kitasa cha kuzungusha tu, mara nyingi ni ya raba au springi. Geuza uso pembeni, kifungue polepole, maana springi inaweza kuruka. Chomoa vilivyomo kwa waya uliopindwa ncha. Vipange juu ya gazeti kwa mpangilio uliovitoa, kulia kulia, kushoto kushoto. Ukiwa na simu, piga picha.

Sasa tazama chini, mwisho wa kila mguu. Kuna bolti au nati. Mara nyingi inahitaji ile spana ya pembe sita, alenki, ya milimita 5 au 6, au spana ya 10. Fungua zote mbili, kisha vuta miguu ya nje kushuka. Ikigoma, gonga taratibu kwa ubao, si kwa nyundo tupu. Ukiona mafuta yakitoka, usiogope: baadhi zina chombo cha mafuta cha kupunguza kasi. Chombo hicho usikifungue kama hujafundishwa. Kiweke pembeni kikiwa kimesimama.

Hatua ya tano: safisha.

Ule ulimbo ukwangue kwa kijiti. Vyuma vioshe kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na sigara. Kisha maji na sabuni, kisha jua hadi vikauke kabisa. Mafuta machafu usiyamwage karibu na kisima wala bomba. Wote tunakunywa pale. Sili, zile pete za mpira zinazozuia vumbi, zioshe kwa sabuni tu. Sasa pitisha ukucha kwenye mrija wa ndani. Kutu nyepesi hutoka kwa kitambaa. Lakini kama ukucha unashuka kwenye vishimo, mrija huo utazila sili na bushi kila siku.

Hatua ya sita, na hii ndiyo roho ya kazi: weka roho mpya ndani.

Dawa bora ni springi za chuma kutoka foku nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine. Springi haiozi kama raba. Iwe unene uleule wa kuingia bila kukwaruza, na jozi iwe sawa, kulia na kushoto. Zitafute kwa mafundi wa Arua na Koboko. Kwa wengi wao foku mbovu ni takataka.

Ukikosa springi, kata vipande vya raba nene tupu, kama ile ya bushi au ya kukalia injini ya gari kuukuu. Tairi la gari si zuri kwa kazi hii, kwa kuwa lina nyuzi na waya ndani, na waya hukwaruza. Kila kipande kiwe chembamba kuliko mrija, kibakiwe na nafasi ya milimita 2 hivi kuzunguka. Raba ikibanwa hutanuka. Isipopata nafasi itakwama. Kati ya kipande na kipande weka washa.

Urefu utaujuaje? Vuta foku iwe ndefu mwisho wake. Ingiza kijiti kutoka juu hadi kigote, weka alama. Toa urefu wa sehemu ya kifuniko inayoingia ndani. Kilichobaki ndicho urefu wa vipande vyote pamoja na washa. Ongeza milimita 3 hadi 5 ili vibanwe kidogo, visigongane ovyo. Pande zote mbili ziwe sawa.

Hatua ya saba: grisi kwa akili.

Grisi iende kwenye bushi na kwenye sili, tabaka jembamba. Isiende kwenye raba. Grisi ya gari ni mafuta ya petroli, na raba ya kawaida ikikaa nayo huvimba, hulainika, na hurudi kuwa ulimbo. Mtu anayejaza grisi ndani ya foku ya raba anadhani anailisha, kumbe anaila.

Hatua ya nane: rudisha na ujaribu.

Anza kila bolti kwa mkono hadi ikamate vizuri, ndipo uweke spana. Kaza barabara, lakini usining'inie. Aluminiamu hukatika meno. Bolti za chini ndizo zinazoshika miguu ya nje isitoke. Moja ikiachwa legevu, siku utakayoinua mpini kuvuka mfereji gurudumu litabaki nyuma na wewe utabaki na mpini mkononi. Kwa hiyo inua mbele ya baiskeli, na mtu mwingine avute miguu ya nje kwenda chini kwa nguvu. Isitoke. Kisha rudia kile kipimo cha mwanzo cha kuegemea mpini. Siku ya kwanza endesha peke yako, bila abiria, bila mzigo. Jioni kaza tena.

(Muziki mfupi.)

Nilisema tutarudi kwenye foku iliyomaliza safari. Hiyo usiiombee. Weka foku ngumu ya chuma, isiyobonyea. Lakini pima kwanza. Foku ya baiskeli nyeusi hutengenezwa kwa gurudumu la inchi 28, na ya milima mara nyingi ni inchi 26. Tena shina la baiskeli nyingi za milima lina unene wa milimita 28.6, na la zile nyeusi milimita 25.4. Na tazama kama ina vishikio vya breki yako. Foku isiyo na breki si ya bei rahisi. Foku ngumu sahihi itakupiga viganja kidogo, ndiyo. Kuna mkono ambao ningefurahi sana kama ungeumia kwa viganja tu.

Na iliyo hai, ilinde. Kwetu West Nile kiangazi kina vumbi jekundu, na mvua zina tope. Vyote viwili vinaingia penye sili. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ivishe mrija wa ndani kama soksi, funga juu na chini kwa uzi wa mpira. Ivue kila wiki, futa unyevu, ivishe tena. Na foku yenyewe ifunguliwe mara mbili kwa mwaka: mvua zikiisha, na kabla hazijaanza.

Kijana unayenisikiliza na kusema hakuna kazi: alenki mbili, spana chache, msasa, waya, sumaku ya spika na kopo la grisi vinatosha kuanza. Kikundi cha kuweka akiba kinaweza kuvinunua kwa pamoja na kulipwa kidogo kidogo. Mimi nilikaa na yule mzee wa Arua mwezi mmoja, nikimshikia taa na kuosha vyuma. Hakunidai kitu. Alinidai tu nisimwambie mteja "imepona" kabla sijaiegemea mwenyewe.

Tukumbushane kwa ufupi. Egemea mpini, uisikilize. Kagua ufa kwa ukucha. Jaribu sumaku. Tofautisha beringi na bushi. Fungua, safisha, weka springi au raba mpya, weka grisi mahali pake, kaza bolti za chini. Yenye ufa istaafishwe. Na moto ukae mbali.

Maswali ya kikundi baada ya kusikiliza:

1. Katika eneo letu ni baiskeli ngapi zenye foku iliyochomelewa? Ni nani anayepanda nyuma yake?
2. Ni nani kati yetu ana foku mbovu nyumbani ambayo springi zake zinaweza kumsaidia mwingine?
3. Je, tunaweza kuchagua siku moja kabla ya mvua, tukazifungua baiskeli zetu pamoja chini ya mti?

Jibuni kwa ujumbe wa sauti au mpeni mratibu wa kikundi. Majibu mazuri tutayasoma hewani. Mimi ni mtangazaji wenu. Nendeni salama, na mrudi salama.

(Kengele ya baiskeli mara moja. Muziki wa kufungia.)